Kirusi Kilichorudi Peke Yake

Hlib Zavhorodnii alipofumbua kinywa kwa mara ya kwanza tangu kipande cha chuma kimwingie kichwani, wodi nzima ilimsikia, na baadhi yao walitamani wasingesikia. Alisema, "Fungeni dirisha." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yalitoka mazima, yamenyooka, bila kigugumizi. Tabu ni kwamba aliyasema kwa Kirusi.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwaka wa pili wa vita vikubwa, katika hospitali moja ya Lviv, magharibi mwa Ukraini, inayopokea askari waliovunjika. Kwenye kitanda cha jirani alilala Orest, sajini kutoka milima ya Kosiv, aliyekatwa mguu chini ya goti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyezoea kuwachekesha wenzake ili wasisikilize maumivu yao. Yeye ndiye aliyejibu.

"Haya, wakubwa," alisema, akiinua mikono kama mateka. "Mrusi wetu ameamka. Mfungieni dirisha kabla hajaita vifaru."

Wawili watatu walicheka. Haukuwa utani mbaya kuliko mwingine wa mle ndani. Lakini Hlib hakucheka. Alimtazama Orest kwa muda, kisha akauinua mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii, akaziba nao mdomo. Muuguzi alipoleta uji wa ngano nyeusi alimkuta hivyo hivyo, kiganja mdomoni. Tangu hapo hakutoa tena neno. Akitaka maji alionyesha kikombe, akisikia maumivu aligonga chuma cha kitanda.

Uliana Fedyshyn, aliyekuwa mtaalamu wa kurudisha usemi katika idara ile, aliletewa habari hizo na muuguzi. Alifurahi kusikia kwamba mgonjwa amesema, halafu akauliza amesema nini, na furaha ikapungua. Alikuwa amekwisha kusoma maelezo ya kikosi yaliyokuja pamoja na Hlib. Huyu kijana alikuwa mtu wa Bakhmut, mashariki, aliyelelewa kwa Kirusi, na vita vilipofika alikiacha kama mtu anavyoacha pombe. Kikosini walimjua kwa Kiukraini chake cha kujifunza ukubwani, ambacho hakukiachia hata usingizini. Sasa chuma kilikuwa kimepita upande wa kushoto wa kichwa na kufagia kila alichokijenga, kikaacha kile alichokibomoa.

Uliana naye alikuwa na yake. Alizaliwa Lviv wakati Moscow ingali inatawala, akafundishwa Kirusi shuleni kama wenzake wote, akakijua vizuri. Novemba iliyotangulia ndugu yake wa mwisho, Zenovii, aliuawa karibu na Avdiivka. Siku ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, Uliana alibaki peke yake pale kaburini, akasema kwa sauti kwamba lugha ile haitapita tena mdomoni mwake. Alikishika kiapo hicho kuliko alivyotarajia. Ilifika mahali, kwenye tramu, akisikia wakimbizi wa mashariki wakizungumza Kirusi, anainuka na kwenda kusimama mwisho wa behewa. Hakujivunia jambo hilo, lakini miguu ilimpeleka.

Basi alianza kazi na Hlib kwa Kiukraini, kama sheria ya lugha ya taifa ilivyotaka, kama yeye alivyotaka, na, kwa kadiri alivyoweza kumsoma machoni, kama mgonjwa mwenyewe alivyotaka. Alimwekea picha mezani. Mkate, paka, ufunguo, kijiko. Hlib aliitazama picha ya mkate, akakunja uso, jasho likamtoka, midomo ikaanza kutengeneza sauti. Uliana aliisikia sauti hiyo ikielekea upande wa Kirusi hata kabla haijatoka. Na Hlib aliisikia pia, akaimeza.

Akampa herufi za mbao, zile za watoto wa chekechea. Mkate kwa Kiukraini ni khlib, na jina la kijana huyu linakaribiana nalo kama ndugu wa tumbo moja. Uliana alidhani jina litalivuta neno. Hlib akazipanga herufi kwa mkono wa kushoto, taratibu. Alipoinua mkono, katikati ya neno, pale panapostahili i ya kijiti chenye nukta, alikuwa ameweka e. Khleb. Mkate wa Kirusi. Chini yake akajaribu jina lake, nalo likatoka vile vile, Gleb, kama lilivyoandikwa kwenye daftari zake za shule. Aliyatazama maneno hayo mawili, akazifagia herufi zote kwa kiwiko zikamwagika sakafuni. Uliana alipiga magoti kuziokota, na Hlib akageukia ukuta.

Mama yake alifika Jumatatu iliyofuata kwa treni kutoka Dnipro, alikokuwa amepanga chumba baada ya nyumba yao ya Bakhmut kugeuka vifusi. Aliitwa Zinaida Arkadiivna, mwanamke mnene, mwenye mikono mikubwa, aliyefanya kazi miaka mingi katika mahandaki ya kuhifadhia mvinyo, akigeuza chupa gizani. Alikuwa amebeba bakuli la vareniki, vile vipande vya unga vya kuchemshwa vyenye cheri ndani, alizozifunga kwa taulo ili zisipoe, ingawa safari ilikuwa ya usiku kucha. Alimlisha mwanawe moja moja, akimfuta juisi kidevuni, akimsemesha kwa Kirusi chake kile cha nyumbani. Hlib alikula. Hakujibu kitu.

Uliana alimwita pembeni amweleze jinsi kijana wake alivyokuwa zamani, na mama akasimulia kwa kirefu. Bibi yake Hlib alitoka kijiji cha Poltava, akaolewa mjini, na mjini wakamcheka kwa usemi wake hata akawa anakwenda sokoni akinyooshea bidhaa kidole bila kufungua mdomo. Babu hakutaka bintiye achekwe vile, akaandika ombi shuleni Zinaida asifundishwe Kiukraini. Wakati ule iliruhusiwa. Saa ya somo hilo nusu ya darasa ilitoka nje, wakakaa juani kutafuna mbegu za alizeti.

"Mimi niliona bahati," alisema Zinaida. "Nani anataka somo la ziada?"

Hlib akakulia hivyo, akawa fundi wa umeme wa reli, hakuwahi kuwaza habari za lugha. Kisha akaingia jeshini, na siku moja akapiga simu kutoka mafunzoni akamwambia mama yake kwamba kuanzia siku hiyo atazungumza Kiukraini tu, yeye amjibu apendavyo. Alikosea kila sentensi ya pili. Zinaida alimjibu kwa Kirusi, na simu zao, ambazo zamani zilichukua saa nzima, zikawa fupi.

"Nilidhani amenikasirikia mimi," alisema. "Nilimuuliza, mwanangu, nimekukosea nini? Akaniambia, si wewe mama, ni vile nikifungua mdomo nawasikia wao."

Wiki zikapita, na Hlib hakupiga hatua. Mkuu wa idara, Daktari Severyn, mtu mwembamba asiyependa kelele, aliwaita Uliana na Zinaida ofisini. Alieleza kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida, ubongo ungali laini, na kila siku ya ukimya ni siku iliyopotea. Uliana akasema anavyoamini yeye: lugha mbili hazikai kichwani kama nguo katika masanduku mawili. Ukiivuta moja, mara nyingi na ya pili hufuata. Kama Kirusi ndicho kilichorudi, basi njia ipitie hapo kwanza.

"Sheria haitukatazi," alisema Severyn. "Mgonjwa akiomba ahudumiwe kwa lugha nyingine, na ninyi mkiridhia, hakuna tatizo. Lakini aombe mwenyewe."

Zinaida akasema ataomba yeye, yeye ni mama. Daktari akatikisa kichwa. Hlib hakuwa mwendawazimu wala mtoto. Alielewa kila alichoambiwa. Wakaenda kumuuliza kitandani, na Severyn akamweleza neno kwa neno, polepole, bila kumshinikiza. Hlib alimsikiliza hadi mwisho, akakataa kwa kichwa. Severyn alirudia swali kwa namna nyingine. Hlib akafumba macho.

Zinaida alimfuata Uliana hadi kwenye korido, karibu na dirisha linalotazama miti ya tilia.

"Binti yangu, mimi sileti siasa hapa," alisema. "Nataka aniombe maji. Kwa Kirusi, kwa Kichina, kwa lugha yoyote ile."

"Yeye ndiye hataki, mama."

"Na wewe? Wewe unataka?"

Zinaida akaendelea, sauti chini.

"Nakuona. Kila nikisema, unatazama ukuta. Mimi si mjinga. Nyumba yangu wameibomoa watu wanaosema kama mimi. Sikuwaita, sikuwafungulia mlango. Lakini hii ndiyo lugha niliyombembelezea huyu mtoto, sina nyingine. Mkitaka kulipiza kisasi, msilipizie kwenye ulimi wake."

"Ndugu yangu amezikwa Novemba," alisema Uliana. "Niliapa pale kaburini. Sikuapa kwa ajili yako wala kwa ajili ya mwanao. Niliapa tu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya."

Mama akatoa leso akafuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Mungu amrehemu," alisema mwishoni. "Basi mwanangu naye ameapa. Mmekutana wawili wenye viapo, na mimi katikati nimebaki na bubu."

Siku iliyofuata Uliana alimwingiza Hlib kwenye chumba kidogo cha mazoezi, akafunga mlango, akavuta kiti karibu. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Akamsalimia kwa Kirusi. Akamwambia kwamba hapa hakuna anayesikia, kwamba hii ni dawa tu kama dawa nyingine, aseme chochote, hata tusi. Kilichomtisha Uliana ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Alitumaini kwamba lugha ile ingekuwa imeshika kutu, lakini ilitoka laini, na lafudhi ya mwalimu wake wa darasa la tano ikiwa palepale.

Hlib alimtazama kama aliyezabwa kofi. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akaandika herufi mbili kubwa za kupinda, na juu ya ya pili akagonga nukta kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. Ні. Husomwa ni, nayo ndiyo "hapana" ya Kiukraini. Warusi wana neno lao jingine, na ile i ya kijiti waliifuta katika alfabeti yao zamani.

Uliana aliitazama ile karatasi na hakujua ashike hisia gani. Lilikuwa neno la kwanza la Kiukraini kutoka kwa mgonjwa wake, limeandikwa sawasawa, mahali pake, kwa maana yake. Na lilikuwa linamkataa. Aliona haya usoni. Akamwomba radhi kwa Kiukraini, akamwambia hatarudia, na hakurudia.

Alipotoka alimkuta Orest koridoni juu ya magongo yake. Mlango wa chumba kile ulikuwa mwembamba, wa kupitisha sauti. Uliana alingoja utani, lakini sajini alisogea tu ampishe.

"Amekataa?" aliuliza.

"Amekataa."

"Mkaidi, huyu." Orest alitazama ncha ya gongo lake. "Kikosini kwetu nusu walikuwa wanaongea Kirusi, dada. Wa Kharkiv, wa Odesa. Walikuwa wakitukana kwa Kirusi na kufa kwa Kirusi, hakuna aliyewauliza. Mimi nilikuwa natania tu."

"Mwambie yeye, si mimi."

Kama alimwambia au hakumwambia, Uliana hakujua. Aliona tu kwamba tangu siku hiyo Orest alikuwa akimletea Hlib chai na kucheza naye dama, akimwibia kete waziwazi ili agombe.

Uliana alikaa na jambo lile siku kadhaa. Jibu lilimjia akiwa sokoni, mbele ya beseni la samaki hai, aliposikia muuzaji akimtajia mteja bei. Samaki ni ryba. Wa Kyiv husema ryba, wa Moscow husema ryba, na masikio yenye haraka hayatambui tofauti. Yalikuwepo maneno mengine ya namna hiyo, maneno ambayo mpaka haukuyagawa: mama, voda yaani maji, ruka yaani mkono, syn yaani mwana wa kiume. Katika maandishi baadhi hutengana, kwa kuwa Warusi katika neno la samaki na la mwana huweka herufi yao ya vipande viwili, kama chungu na mwiko uliosimama kando yake, ambayo Kiukraini hakina. Lakini mdomoni ni karibu mamoja.

Alimweleza Hlib wazo hilo bila kuficha kitu. Akamwambia, haya si yao na si yetu peke yetu, ukisema moja kati ya haya hakuna anayeweza kukwambia umelichukua kwa nani. Kisha Hlib, kwa sauti ambayo haikutumika kwa majuma, akasema, "Voda."

Uliana akamimina maji, na Hlib akanywa glasi yote.

Wakaendelea hivyo. Zinaida aliruhusiwa kukaa mazoezini, na mwanawe alipomgusa bega akasema "mama," alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka alipoweza kurudi. Maneno ya pamoja hata hivyo ni machache. Mtu hawezi kuishi kwa maji, samaki na mkono. Hlib akiyamaliza alikwama ukingoni, na ukimuuliza swali la kawaida tu, kwa mfano amelalaje, mkono ulikwenda mdomoni.

Ni Zinaida aliyeanza jambo lingine, bila kushauriana na mtu. Asubuhi moja aliingia wodini akaanza kumsemesha mwanawe kwa Kiukraini. Kilikuwa Kiukraini cha ajabu. Sehemu alikitoa kwa marehemu mama yake wa Poltava, sehemu kwenye televisheni, na mashimo aliyaziba kwa Kirusi alichokipinda kidogo mwishoni. Wagonjwa waliinua vichwa. Zinaida alikuwa mwekundu hadi shingoni, lakini alikaza mwendo, akamweleza Hlib habari za mwenye nyumba, bei ya nyanya, na jirani aliyempata paka wake akiwa hai. Halafu akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye haondoki, amelipia chumba, atakaa naye nedilia tatu.

Alitaka kusema wiki tatu. Lakini neno hilo, ambalo kwa Kirusi ni wiki, kwa Kiukraini ni Jumapili. Alikuwa amemwahidi mwanawe Jumapili tatu.

"Tyzhden," alisema Hlib.

Mama yake alimkodolea macho.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Tyzhden," alirudia Hlib kwa hasira. "Ti... tyzhden, mama. Ne nedilia."

Tyzhden ndilo neno lenyewe la wiki, la Kiukraini kitupu, lisilo na ndugu Urusi. Zinaida alicheka akajifunika uso kwa taulo. Orest kitandani kwake alijikohoza, akasema mama aendelee kukosea, kwa ajili ya Mungu, akosee zaidi. Na Zinaida akakosea. Alikosea siku ile na siku zilizofuata, mwanzo kwa kutojua na baadaye, Uliana alishuku, kwa makusudi, na mwanawe akamrekebisha, neno hapa, neno pale.

Laiti mambo yangekwenda hivyo hadi mwisho. Maneno yalirudi, lakini hayakurudi kwa mstari. Hlib alipojaribu sentensi, ilianza kwa lugha moja ikamalizikia katika nyingine, au mzizi ukawa wa huku na mkia wa kule. Watu wa sokoni huongea mchanganyiko huo maisha yao yote na hawafi. Kwa Hlib ilikuwa fedheha. Kila neno la Kirusi lilipomponyoka alilisikia, akasimama, akapiga paja lake kwa ngumi. Uliana alimwambia kwamba hayo ni maendeleo makubwa, na alisema kweli. Lakini alijua pia kitu asichomwambia siku zile: kwamba chuma kilipopita hapaponi pote, kwamba Kiukraini safi kile alichokijenga kwa ukaidi wake huenda kisirudi tena.

Hlib alimlazimisha kukisema. Aliandika swali kwa mkono wa kushoto, na Uliana akajibu kwamba hajui kwa hakika, ila anadhani mchanganyiko utabaki. Hlib alilia kidogo, bila sauti. Halafu akachukua herufi za mbao, akapanga jina lake, akaweka i mahali pake, akaliacha pale mezani walipotoka.

Mwanzoni mwa vuli ilimbidi kwenda mbele ya tume ya madaktari wa jeshi, wamkague na kuamua hatima yake. Uliana alikwenda naye kueleza hali ya usemi. Walikuwa madaktari watatu, wamechoka, wenye msururu wa watu nje, wala hawakuwa watu wabaya. Hlib alijiandaa kwa majuma. Alikuwa na sentensi nne, amezinyoosha kwa Kiukraini, amezirudia mbele ya kioo, mbele ya mama, mbele ya Orest. Aliingia amevaa sare iliyopigwa pasi.

Wakamuuliza alijeruhiwa wapi na lini. Akaanza vizuri. Neno la kwanza, la pili, la tatu. La nne likatoka kwa Kirusi. Alisimama, akarudi mwanzo, likatoka tena vile vile. Yule daktari wa katikati, mama mtu mzima mwenye uso wa huruma, akaegemea mbele akamwambia kwa Kirusi, kwa upole kabisa, "Usijisumbue, mwanangu. Sema kwa Kirusi tu, hapa hatuna neno. Hata mimi nimetoka Mykolaiv."

Alikuwa anamsaidia. Uliana aliona jinsi msaada ule ulivyomwingia Hlib. Alisimama wima, akafunga mdomo, na hakuufungua tena. Wakamuuliza kwa Kiukraini, wakamuuliza tena kwa Kirusi, wakampa kalamu, akaiweka chini. Dakika zilikwenda. Daktari wa pembeni akaanza kuandika, na Uliana aliweza kusoma alichoandika: usemi umepotea kabisa.

Haikuwa kweli. Uliana alikuwa na miezi ya kazi ya kuthibitisha kwamba si kweli. Alifungua mdomo aseme, na Hlib akageuza kichwa akamtazama. Akamkatalia kwa kichwa kidogo tu, kama alivyomkatalia Severyn. Alichagua. Afadhali waandike bubu kuliko kuandika kwamba askari huyu anasema Kirusi.

Uliana alifunga mdomo wake. Aliulizwa kama anakubaliana na maelezo, akasema mgonjwa anayajua mambo yake. Nje, kwenye ngazi, hakuweza kujizuia.

"Umejipoteza, Hlib. Kazi yetu yote umeitupa."

"Ni," alisema Hlib, hapana ile ile ya kwenye karatasi. Akatafuta neno lingine, uso ukamkunjika, mishipa ikamsimama. "Moie," alisema hatimaye. Yangu. Uliana hakujua anasema juu ya kazi, juu ya ukimya au juu ya ulimi wenyewe, na hakumuuliza.

Tume ilimwachisha jeshi, wakaondoka Lviv mwezi wa kumi, mama na mwana, kwa treni ya Dnipro. Orest aliwasindikiza hadi jukwaani juu ya mguu wake mpya, akamkumbatia Hlib kwa muda mrefu, akamwambia kitu sikioni, na Hlib akatabasamu. Zinaida alimshika Uliana mikono yote miwili akamshukuru kwa Kiukraini chake, akikosea, na treni ikaondoka. Uliana alirudi nyumbani kwa tramu. Nyuma yake walikaa wanawake wawili wanaozungumza Kirusi, pengine habari za mtoto mgonjwa. Hakuinuka. Lakini asingeweza kusema kwamba alikaa kwa raha. Aliutazama mji dirishani na kushika mkoba wake kwa mikono miwili, mpaka waliposhuka.

Zinaida alipiga simu majira ya baridi, baada ya Krismasi. Alisema wamezima umeme tena lakini wana jiko la gesi. Hlib amepata kazi katika karakana inayotengeneza jenereta, hapo hahitaji kusema sana, na wenzake wanampenda. Asubuhi anasema vizuri. Akiwa amelala vya kutosha, Kiukraini kinakuja, kina mikwaruzo lakini kinakuja, juzi amemwambia jirani sentensi nzima na hakuna kilichoponyoka.

"Na jioni?" aliuliza Uliana, kwa kuwa alijua uchovu unafanya nini.

"Jioni anachoka, binti yangu. Ulimi unateleza, unarudi kule. Kwa hiyo akirudi kazini anafunga mdomo, mpaka analala. Tunakula, ananipa chumvi, ananifunika blanketi. Ni mtoto mwema. Ila hasemi. Mimi ndiye ninayeongea."

"Kwa lugha gani?"

"Inategemea nimekumbuka ipi," alisema Zinaida. "Ananisikiliza zote mbili. Siku hizi hata hanirekebishi."